Mjaza fomu za ushuru wa ukoo: Undugu pekee hautoshi

MINNEAPOLIS, Dallas, Lowell au Seattle, popote Wakenya walioko Marekani wanapokutana kanisani, msikitini au kwenye chama cha kila mwezi, hakosekani mmoja ambaye simu yake haitulii kuanzia mwisho wa Januari hadi Aprili 15. Ni yule anayewajazia wenzake fomu za ushuru wa mapato. Shemeji humtumia picha ya karatasi za mshahara saa tano usiku. Binamu aliyehamia jimbo jingine bado hataki kwenda kwa mtu mwingine. Hata kwenye matanga, rambirambi zikiisha, kuna atakayemvuta kando amuulize rifandi yake imefika wapi.

Aghalabu kazi hii huanza bila mpango. Mtu hujijazia mwenyewe mwaka wa kwanza, kisha humsaidia dadake, na dada naye humtaja kwa wenzake wa zamu ya usiku katika makao ya wazee. Baada ya misimu mitatu ana wateja arobaini, meza ya kulia chakula imegeuka ofisi, na ameanza kutoza. Hapo mambo hubadilika, ingawa wengi hawatambui. Kumsaidia ndugu bure ni jambo la nyumbani. Kupokea malipo, hata yakiitwa ya mafuta ya gari, ni kazi yenye sheria zake.

Walioko huku nyumbani pia wana sababu ya kujali. Mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo iliyotoa fungu kubwa zaidi. Karo ya muhula wa kwanza, dawa za mzee, mabati ya nyumba inayojengwa polepole, vingi vya hivi hungoja rifandi, ile pesa ya ziada iliyokatwa kwenye mshahara ambayo serikali huirudisha fomu zikishapokelewa. Fomu ikijazwa vibaya, pesa hiyo huzuiliwa, au hutolewa kisha ikadaiwa baadaye pamoja na riba na faini. Anayedaiwa ni aliyetia sahihi fomu kama mlipa ushuru, hata kama hakuelewa neno moja lililoandikwa humo.

Mlango usio na bawabu

Wengi hushangaa wakisikia jinsi mlango wa kazi hii ulivyo wazi. Tangu mwaka 2011, kila anayelipwa kutayarisha fomu za ushuru wa serikali kuu ya Marekani lazima awe na nambari ya utambulisho iitwayo PTIN, inayotolewa na idara ya ushuru ya nchi hiyo, IRS. Huombwa mtandaoni, ada yake siku hizi haifiki dola 20, na huisha kila Desemba 31. Hakuna mtihani wala cheti cha shule kinachodaiwa. Kinyozi katika majimbo mengi ya Marekani husoma kwa mamia ya saa kabla ya kuruhusiwa kushika mashine, lakini anayeshika mapato ya familia nzima anaweza kuanza kazi alasiri hiyo hiyo.

Si kwamba serikali haikujaribu. IRS ilitunga kanuni za kuwalazimu watayarishaji wasio na leseni kufanya mtihani na kusoma saa 15 kila mwaka. Watayarishaji watatu wa kujitegemea, akiwemo Sabina Loving wa Chicago, walienda mahakamani. Walishinda Januari 2013, na Februari 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao. Sheria ambayo IRS iliitegemea ilikuwa ya mwaka 1884, iliyotungwa kwa ajili ya mawakala waliowadaia watu fidia serikalini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yakiwemo madai ya farasi waliopotea vitani. Mahakama ilisema mtu wa kujaza fomu za ushuru si wakala wa aina hiyo. Hivyo basi, farasi waliokufa zamani wangali wanaamua nani anaweza kumjazia shangazi yako fomu.

Majimbo machache yamejiwekea masharti. Huko California, asiyekuwa mhasibu mwenye leseni, wakili au wakala wa IRS hulazimika kusoma kozi ya saa 60, kuweka dhamana ya dola 5,000 na kusoma saa 20 kila mwaka. Oregon hudai kozi ya saa 80 na mtihani wa jimbo. Maryland na New York pia zina kanuni zao. Katika majimbo mengine mengi, mtayarishaji huachiwa dhamiri yake.

"Mama yuko Kisii, mweke"

Dhamiri peke yake haifui dafu mbele ya sheria ya ushuru, na mfano ulio wazi zaidi ni wa wategemezi. Mkenya anayemlipia mamake dawa, wadogo zake karo na babake mfanyakazi wa shamba, ana kila haki ya kusema watu hao wanamtegemea. Kwa desturi yetu ni kweli tupu. Kwa sheria ya Marekani si kweli. Ili mtu ahesabiwe mtegemezi kwenye fomu, lazima awe raia wa Marekani, au mkaazi wa Marekani kwa kanuni za ushuru, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mama aliye Kisii hahesabiwi, hata kama mwanawe humtumia nusu ya mshahara kila mwezi. Michango ya mazishi, harambee ya hospitali na sadaka iliyotumwa moja kwa moja kwa kanisa la kijijini pia haipunguzi ushuru.

Hapa ndipo undugu na kazi hugongana. Mteja akisema rafiki yake aliwekewa wategemezi watano na fulani wa mtaa wa pili akapata maelfu ya dola, mtayarishaji asiye na elimu huanza kujitilia shaka. Mwenye elimu hujua kwamba huyo fulani amemchimbia mwenzake shimo. Anayebainika kudai nafuu za watoto au za wenye kipato kidogo kwa kutojali kanuni anaweza kunyimwa nafuu hiyo kwa miaka 2, na akithibitishwa kuwa alidanganya makusudi, miaka 10. Isitoshe, fomu ya kuomba uraia huuliza kuhusu ushuru, na hilo ni jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka likiwa limeshachelewa.

Mtayarishaji naye hasalimiki. Kwa kila mteja anayedai nafuu ya watoto, ya wenye kipato kidogo, ya masomo ya chuo au hadhi ya mkuu wa familia, hulazimika kujaza Fomu 8867 kuthibitisha kwamba aliuliza maswali na kuona stakabadhi. Faini ya kuruka hatua hiyo ni zaidi ya dola 600 kwa kila kosa, na fomu moja inaweza kubeba makosa manne. Anayetoza dola 80 kwa kila mteja na afanye hesabu mwenyewe.

Kisha kuna wanandoa waliotenganishwa na bahari. Mume yuko Texas, mke na watoto wako Nakuru wakisubiri viza. Wajazaji wengi humwandika mume kama asiyeoa, kwa kuwa anaishi peke yake. Hilo ni kosa. Aliyeoa hugeuki kuwa kapera kwa sababu tu mkewe yuko mbali. Ana njia mbili za kawaida: kujaza kama mwanandoa anayejitegemea, au wakubaliane na mkewe kujaza pamoja. Wakichagua ya pili, mke huombewa nambari ya ushuru kwa Fomu W-7, na mapato yake ya Nakuru, yawe ya duka au mshahara wa ualimu, nayo hutangazwa Marekani. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mmoja bila mwingine kujua, na mtayarishaji mwema huomba azungumze na wote wawili kwa simu.

Yapo pia mambo ambayo programu za kompyuta hazitamuuliza mteja kwa lugha anayoielewa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 aliyewasili hivi karibuni kwa kawaida hutumia Fomu 1040-NR kwa miaka mitano ya kwanza, si ile 1040 ya kila mtu, na nafuu nyingi hazimhusu. Mwenye nyumba za kupangisha Ruaka au Mtwapa ambaye ni mkaazi wa Marekani hutangaza kodi hiyo ya nyumba huko pia. Alicholipa kwa KRA kinaweza kupunguzwa, lakini hakifuti wajibu wa kutangaza. Na akaunti zake zote za benki nje ya Marekani zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 hata kwa siku moja katika mwaka, kuna ripoti tofauti ya kuwasilisha, hata kama pesa hizo ni za chama na yeye ni mweka sahihi tu. Faini ya kutowasilisha inaweza kupita dola 10,000. Ni wachache wanaoulizwa swali hilo mezani.

Ya mwaka jana hayatoshi

Anayedhani kwamba akishajua amejua, na atazame sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025. Ilipandisha nafuu ya mtoto hadi dola 2,200. Ilileta pia, kwa mapato ya miaka ya 2025 hadi 2028, punguzo jipya kwa wanaofanya kazi saa za ziada, habari iliyopokelewa kwa shangwe na Wakenya wanaotunza wazee na wagonjwa kwa zamu mbili mbili. Uvumi ulioenea ni kwamba ovataimu haitozwi ushuru tena. Ukweli ni mwembamba zaidi. Kinachopunguzwa ni ile nyongeza pekee. Mlezi anayelipwa dola 20 kwa saa na dola 30 kwa saa za ziada huhesabu dola 10 kwa kila saa hiyo, si 30, na kwa mtu mmoja kikomo ni dola 12,500 kwa mwaka. Makato ya uzeeni na ya matibabu yanabaki palepale. Mtayarishaji aliyesoma kozi ya mwaka huo anajua tofauti. Aliyesikia kwenye kundi la WhatsApp atamwandikia mteja mara tatu ya kinachostahili.

Madereva wa Uber na wanaosambaza vyakula nao wana yao. Hawana mwajiri wa kuwakata, kwa hivyo hulipa wenyewe ushuru wa waliojiajiri, asilimia 15.3, juu ya ushuru wa mapato, na hutarajiwa kulipa kidogo kidogo mara nne kwa mwaka. Maili walizoendesha kikazi zilihesabiwa kwa senti 70 kila moja mwaka 2025, mradi ziwe zimeandikwa. Asiyeweka daftari hana cha kuonyesha, na mtayarishaji anayemkadiria tu maili anajiingiza mwenyewe matatani.

Shule ziko wapi?

Habari njema ni kwamba elimu hii haihitaji digrii wala mtaji mkubwa, na mahali bora pa kuanzia ni bure. Mpango wa VITA, ambao umekuwepo kwa zaidi ya miaka 50, huwatumia watu wa kujitolea kuwajazia fomu wenye kipato cha chini, wazee na wasiojua Kiingereza vizuri. IRS huwafundisha watu hao mtandaoni, huwapa mtihani, kisha huwaweka maktabani, vyuoni na kwenye vituo vya jamii, ambako kila fomu hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Kukaguliwa huko ndiko shule yenyewe. Anayefanya kazi peke yake nyumbani hana wa kumwonyesha alipokosea, na anaweza kurudia kosa moja kwa miaka sita. Msimu mmoja wa Jumamosi kwenye kituo cha VITA humfunza mtu mengi kuliko video za usiku kucha, na mzungumzaji wa Kiswahili huko ni lulu, hasa katika miji yenye familia kutoka Congo na Burundi.

Vitabu vya kazi pia havina bei. Chapisho 17 la IRS hueleza ushuru wa mtu binafsi kutoka mwanzo hadi mwisho, na Chapisho 4012, la watu wa kujitolea, lina michoro ya maswali ya ndiyo na hapana inayomwongoza mtu kujua nani ni mtegemezi na nani si. Hilo la pili lingestahili kuwa mezani kwa kila mjaza fomu, limekunjika kona kwa kutumiwa.

Anayetaka kutambulika ana mpango wa hiari wa IRS wa kila mwaka, ulioanzishwa baada ya ile kesi ya Loving. Husoma saa 18: saa 6 za kozi ya kujikumbusha, inayomalizika kwa mtihani wa maswali 100 ambao mtu hupita kwa alama 70, saa 10 za sheria za ushuru na saa 2 za maadili. Lazima amalize kabla ya Desemba 31. Jina lake huingizwa kwenye orodha ya IRS ambayo yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni, na mteja akiitwa kukaguliwa, anaweza kumsemea katika hatua za mwanzo kwa fomu aliyomjazia na kuitia sahihi. Asiyekuwa na cheti hicho wala leseni nyingine hana ruhusa hiyo. Barua ya IRS ikija, atamwambia shemeji, "Pole," basi.

Juu zaidi kuna wakala aliyesajiliwa na IRS, kwa kifupi EA. Huu ndio mtihani ambao Wakenya wenye bidii wangepaswa kuutazama zaidi, kwani hauulizi ulisoma chuo gani. Una sehemu tatu, za watu binafsi, za biashara na za uwakilishi, kila moja maswali 100, na ada ya kila sehemu ni zaidi ya dola 200. Anayefaulu hukaguliwa kwanza ushuru wake mwenyewe, kisha hupewa haki ya kumwakilisha mteja yeyote mbele ya IRS katika jimbo lolote. Baada ya hapo husoma saa 72 kila miaka mitatu, zisizopungua 16 kwa mwaka, mbili kati yake zikiwa za maadili.

Saa hizi huhesabiwa tu zikitoka kwa mwalimu aliyeidhinishwa na IRS, naye huzituma moja kwa moja kwa kutumia PTIN ya mwanafunzi. Kabla ya kulipa, mtu aulize nambari ya idhini. IRS yenyewe hutoa mafunzo ya bure mtandaoni mwaka mzima, mengine yakihesabiwa, na kila kiangazi huandaa kongamano kubwa katika miji kadhaa. Vyama vya wataalamu, kama NATP na NAEA, huwauzia wanachama kozi na, la muhimu zaidi kwa anayefanya kazi peke yake, humpa watu wa kuuliza. Kampuni kubwa kama H&R Block pia huendesha kozi kabla ya msimu. Anayeajiriwa na kampuni yoyote baada ya kozi asome mkataba vizuri, kwani baadhi huwazuia wanaoondoka kuwachukua wateja.

Meza ya chakula si kabati la siri

Kazi hii ikifanyiwa nyumbani, nyumba nzima huhusika. Nambari ya hifadhi ya jamii ya mtu ikivuja, mwizi anaweza kujaza fomu kwa jina lake na kupokea rifandi kabla yake. Kwa sababu hiyo sheria humtaka kila mtayarishaji, hata wa meza ya jikoni, awe na mpango ulioandikwa wa kulinda habari za wateja. Chapisho 5708 lina kielelezo cha kujazia. Kwa maneno ya nyumbani: laptopu ya ushuru haichezewi michezo na watoto, kabati lina ufunguo, na picha za vitambulisho hazikai kwenye WhatsApp. Mume au mke anayepita nyuma ya kiti pia hapaswi kujua mshahara wa jirani wa kanisani.

Upande wa mteja, zipo dalili za kumjua anayestahili kukimbiwa hata akiwa wa damu. Wa kwanza ni anayekataa kutia sahihi na PTIN yake kwenye fomu aliyolipwa kuijaza; Marekani huwaita watu hao mizimu. Mwingine ni anayetaka asilimia ya rifandi badala ya bei inayojulikana, kwani faida yake iko kwenye kuitia chumvi. Na yule anayeomba rifandi ipitie akaunti yake kwanza, hata kwa ahadi ya kuigawa jioni hiyo hiyo, amevunja sheria tayari. Mteja ana haki ya kupewa nakala ya fomu yake na kusomewa kila jina lililo kwenye mstari wa wategemezi kabla ya kutia sahihi.

Kwa anayetaka kuingia kazini kwa njia iliyonyooka, kalenda ndiyo ya kuchunga. Usajili wa PTIN za mwaka unaofuata kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Vituo vya VITA hutafuta watu Oktoba na Novemba na kuwafunza kabla ya Januari. Anayetarajia kutuma fomu 11 au zaidi hulazimika kuzituma kwa mtandao, na idhini ya kufanya hivyo, inayoambatana na alama za vidole kwa asiye na leseni, inaweza kuchukua siku 45. Anayeanza kuulizia Februari, shemeji akiwa ameshaketi na karatasi zake mkononi, amechelewa kwa msimu huo. Kwa mwaka huo na amwelekeze kituo cha bure kilicho karibu.